Hadithi Isiyo na Shukrani

Dada Peris,

Makofi ya madam bado yanalia masikioni mwangu. Hapa Al-Safa, ninakomfanyia kazi za nyumbani, haniiti kwa jina. Hupiga makofi mawili, nami nakimbia. Mama mwambie tu nimenenepa.

Kila Ijumaa mimi huenda mtaa wa Ghulail, ambako sisi wasichana weusi husimuliana maisha yetu ili tusirukwe na akili. Nilisimulia hayo makofi. Stacy, kiongozi wa kikundi chetu, akanikatiza: "Mpenzi, malizia kwa shukrani. Wafadhili wa kikundi wanakuja."

Eddah, msichana mwenzetu, akadakia, "Basi sema madam alikuwa anakupongeza!"

Wenzangu walicheka. Mimi nilikasirika. Hata uchungu wangu unataka ruhusa?

Wafadhili walipofika nilisimulia yote, bila shukrani. Stacy akanifukuza. Jana nilianzisha kikundi kingine chumbani kwa Eddah, na wasichana wote wakanifuata.

Mdogo wako,
Lois