Ng'ombe wa Simu Aliyepokelewa kwa Maziwa

"Mtu mzima anayemlilia mnyama asiyekamuliwa hana shida, ana nafasi tu." Ndivyo alivyoniandikia Bwana Mbabazi wa Kamukuzi, kwa sababu nilimjibu hapa msichana aliyepoteza mnyama wake wa mchezo wa simu. Anataka ukurasa huu urudi kwenye mahari, mirathi na wakwe. Nilikuwa nimenoa kalamu nimjibu kwa urefu, lakini barua hii kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale imenipunguzia kazi. Ndani yake mna mnyama wa simu, na mna maziwa pia, maziwa ya kweli, yaliyonywewa mbele ya watu. Isomeni kwanza.

*

Mama Gaudiose mpendwa, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya robota la mitumba, nisaidie kabla ya Jumamosi kwa sababu kuna shauri nimepewa linanivutia na kuniogopesha kwa pamoja. Mimi ni Elisée, nauza mashati sokoni Rwekubo, naishi Nakivale, kwetu ni Fizi, na rafiki yangu ni Ishema wa milima ya Minembwe, watu wake ni wafugaji na wangu ni wakulima, na unajua huko Kongo watu hawa walivyofanyiana, hata mama yangu siku Ishema alipokula kwetu mara ya kwanza alikaa mlangoni mpaka sahani ikaisha, lakini sasa akikosa kuja ananiuliza yuko wapi.

Sisi wawili tunacheza mchezo unaoitwa Zizi la Mazimwi, unakamata zimwi mdogo, unamlisha, unampiganisha, na akikomaa anageuka umbo na kuwa mwingine mwenye nguvu zaidi. Mimi nilimlea Kitope, donge la tope lenye macho ambalo hakuna aliyelitaka, nikamlea tangu maharagwe yanapandwa, akaota pembe fupi, halafu akagoma kukua, na nilipouliza nikaambiwa hatua yake ya mwisho haiji kwa kulishwa wala kwa kushinda, inakuja siku unapomkabidhi kwa mchezaji mwingine, akiingia tu katika zizi la mwenzako anageuka Topembe. Ningemwamini nani kama si Ishema. Nikaenda kwao Jumapili baada ya ibada, nikamtumia, palepale tope likapasuka kwenye simu yake, akatoka mnyama mwekundu mwenye pembe ndefu kama wale unaowaona ukielekea Mbarara, na kabla sijasema arudishwe, baba yake, mzee Semahoro, akaomba simu, akavaa miwani, akatazama, kisha akasimama na kuanza kumsifu kwa lugha yao kama wanavyosifu ng'ombe. Majirani wakaja. Mzee akawaambia, "Huyu kijana ametupatia ng'ombe. Tangu tushuke kule juu, hakuna mutu alitupatia ng'ombe." Akamwita Bihogo, jina wanalowapa ng'ombe wekundu. Yakaletwa maziwa. Nami nikayanywa.

Tangu hapo nashindwa kumdai, siku moja njiani nilimwambia Ishema kwa upole, "Ndugu, na ule munyama wangu je?" akacheka, akasema, "Utaletewa ndama, weye, haraka ya nini?" Nikajua ananidhihaki, maana ndama gani atazaliwa ndani ya simu. Na Jumamosi kuna mashindano Mbarara, watu wanacheza wawili wawili, mimi na Ishema tumejiandikisha pamoja, ila jina la mwenye zimwi ndilo linaloandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na Divine mchumba wangu anayeuza vitenge pale mjini atakuwepo, nami kila nikimpigia simu humsifia Topembe wangu. Binamu yangu Bienvenu ana kibanda cha kuchaji simu, na Ishema huacha yake pale, na Bienvenu ameniambia, "Namba yake ya siri naijua, mara moja tu namurudisha kwako, atafikiri ni rezo ya simu ilisumbua." Asubuhi nasema hapana, nikimkumbuka Divine nasema ndiyo. Nikiri pia kwamba nilimjaribu Topembe kwenye simu ya Ishema, nikamtanguliza mbele ili watu wamwone, wale wachezaji wa Mbarara tunaopambana nao kwa mtandao wakaanza na mazimwi yao ya maji kama kawaida yao, wakanilowesha, nikashindwa kila mara, lakini Ishema akimchezesha anashinda na sijui anafanyaje. Je, mtu akichukua kile alichokilea mwenyewe, huo ni wizi?

*

Elisée, ni wizi. Nimeanza na hilo ili usije ukasema hukuliona.

Ulimlea, sikatai. Ulishika donge la tope wakati wenzako wanakimbilia mazimwi yenye mabawa, na kinachokuuma nakielewa. Lakini mdomo ulikuwa nao. Mzee alipovaa miwani ungesema, "Samahani baba, nimemwazimisha tu." Aliposimama ungesema. Majirani walipokuwa bado wanafika ungesema. Wewe ukaona utamu wa kusifiwa, mdomo ukautumia kunywea maziwa, na sasa unataka Bienvenu akusemee kwa kidole chake.

Umeishi jirani na wafugaji hawa miaka yote, umewauzia mashati, na hujawahi kuuliza ng'ombe kwao hutolewaje. Haya, nikueleze mimi. Ng'ombe akishatolewa, aliyetoa hamdai. Mwenye kazi ya kukumbuka ni aliyepokea, na siku ikifika huja na ndama, mbele ya watu, tena kwa fahari. Mzee Semahoro anajua vizuri sana kwamba huyo ni picha kwenye kioo. Alikuwa na ng'ombe mlimani, leo hana hata mmoja, na aliyemletea wa kwanza ni kijana wa Fizi. Kama huoni kilichofanyika Jumapili ile, basi nakuambia: walikuingiza nyumbani.

Na ndama yupo. Nimeupakua mchezo wenu, na wiki hii nyumbani kwangu maharagwe yameungua kwa ajili yako. Ukiwalaza mazimwi wawili wanaopatana katika zizi moja, baada ya muda hutaga yai, na anayetoka humo huzaliwa tayari anajua pigo la mzazi wake, pigo ambalo Kitope wa kuokotwa hulijua akiwa amekwisha kukua. Ishema hakukudhihaki, alikupa ahadi. Wivu wako ndio uliosikia kejeli.

Sasa fikiri mbele kidogo. Huyo ndama atakuwa Kitope. Atakua, ataota pembe fupi, halafu atagoma kama mzazi wake mpaka umkabidhi kwa mtu mwingine. Utamkabidhi nani? Bienvenu, anayefungua simu za wateja wake? Mchezo uliouchagua hauna njia ya kufika mwisho peke yako, nawe unataka kumwibia mtu pekee uliyemwamini.

Tuje kwenye kushindwa kwako, maana hilo nalo limeniudhi. Topembe ni mzito na hupiga wa mwisho. Tope lake hukauka kwa vipigo: kila anapopigwa ngozi inazidi kuwa ngumu, na pembe zikishuka hurudisha vyote alivyopokea kwa mara moja. Maji ndiyo adui yake, yanamlainisha. Wewe unamtanguliza mbele ya mazimwi ya maji ili watu waone pembe. Ishema amekulia nyuma ya ng'ombe, anajua kungoja. Jumamosi tangulia wewe. Chukua zimwi wa radi yeyote, hata mjusi mdogo uliyemtelekeza zizini, umlishe kuanzia leo, uwamalize wale wa maji. Kisha kaa pembeni, Ishema amwingize Topembe avumilie vipigo viwili, na cha tatu awe yeye anayepiga. Ninyi wawili mnaweza kushinda hivyo. Ukiwa naye wewe, mtashindwa wote.

Kwa Divine utasema ukweli kabla hajausoma ukutani: "Nilimlea mimi, nikampa rafiki yangu, na baba yake akamwita Bihogo." Mwanamke anayeuza vitenge anajua tofauti ya mtu aliyetoa na mtu aliyenyang'anywa. Asipoijua, niandikie tena, tutazungumza mambo ya mahari na Bwana Mbabazi atafurahi.

Bwana Mbabazi, mnyama huyo hajakamuliwa hata tone, lakini kijiji kizima kimekunywa maziwa kwa ajili yake. Wa kwako zizini amekufanyia nini wiki hii? Kutoka Kamukuzi hadi ukumbi wa mashindano hapo hapo Mbarara ni mwendo mfupi, nenda Jumamosi ukajionee.

Nimekuweka wewe mwisho, Bienvenu, na najua unasoma, kwa sababu gazeti hili hukaa kibandani kwako wateja wakisubiri. Watu wanaacha simu zao mezani kwako wanakwenda shambani, na ndani ya simu hizo mna picha za waliobaki nyuma na sauti za waliokufa, si mazimwi tu. Ile namba ya siri uliyoichungulia, mwambie Ishema mwenyewe kwamba unaijua, umwambie leo, aibadilishe mbele yako. Ijumaa atakuletea simu. Ijaze moto mpaka juu, kwa sababu kesho yake ng'ombe wa baba yake ana kazi, na binamu yako anamtegemea.