Mabomba Uliyoyapeleka kwa Mama Tekla

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini siwezi kuanza na wewe bila salamu. Ungesema Wazungu wamenimaliza.

Nakuandikia nikiwa Bigwa, kwenye baraza ya nyumba ambayo hukuipenda kwa sababu ya ukuta wake. Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali moja. Jana nilikuwa saluni Mwembesongo, msusi akaacha kichwa changu nusu kimesukwa, nusu kimetimka, akauliza, "Dada, wewe umeishi kote. Marekani na Ulaya, wapi wanamjali mfanyakazi?" Nikajibu juujuu kwamba kila mahali pana yake, nikaondoka kabla nywele hazijaisha. Jibu lenyewe ni refu, mjomba, na linaanzia kwako Matombo, Jumamosi asubuhi, ukigonga ile rimu ya gari uliyoitundika kwenye mfenesi.

Nilivyokuwa naichukia ile rimu! Ikilia, kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe lake, wapande hadi kwenye chanzo cha maji, wafukue tope na kufyeka njia ya bomba. Mama alipofariki ulinichukua, nyumba ikawa ya mimi na wewe tu, na mguu wako ulipoanza kukusumbua zamu ikawa yangu. Ulikuwa unaita majina bila daftari. Nyumba yenye mgonjwa uliiruka. Nyumba yenye mama aliyejifungua uliiruka. Nyumba yenye msiba uliiruka mpaka arobaini ipite. Siku moja nilikununia, nikauliza mbona hao hawaji na maji wanachota sawa na sisi. Hukugeuka hata kunitazama. "Wewe chimba," ulisema. "Zamu yako ya kurukwa itafika."

Marekani walinipokea vizuri, siwezi kudanganya. Nilipeleka maombi Jumatatu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wiki haijaisha nikawa kazini. Hawakuuliza mimi ni mtoto wa nani, waliangalia mikono yangu inaweza nini. Kodi walikata kidogo, na nikitaka zamu mbili napewa zamu mbili. Nyumba hii ya Bigwa imesimama kwa zamu zile. Lakini nilipomzaa Neema, wiki ya sita nilikuwa nimesharudi kuwageuza wazee vitandani huku maziwa yananilowesha sare. Bili ya hospitali ilifika nyumbani kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Sikumlaumu mtu. Niliona ndivyo dunia ilivyo: kila mtu ajilipie chake, na asiyeweza atajijua.

Ni kwa akili hiyo nilikutumia hela ya mabomba. Nilitaka uvute maji yako mwenyewe mpaka uani, uachane na rimu, mguu upumzike. Mwezi ukapita, nikapiga simu. Ukanieleza kwa furaha kabisa kwamba maji sasa yamefika hadi kwa Mama Tekla, kule mwisho wa kijiji ambako hayajawahi kufika, na kwamba kwetu umeweka koki moja, nje ya uzio, njiani.

"Mjomba, mabomba yale niliyanunua kwa ajili yako."

"Na ni mimi niliyeyatumia," ukajibu.

Nilikukatia simu. Nilikununia miezi mitatu mizima, mimi mtu mzima na mtoto mgongoni, nikimwambia mume wangu kwamba mjomba ni mkaidi na hajui shukrani.

Kisha mume wangu akapata kazi Denmark, tukahama. Huko walituchosha. Vyeti vyangu vilizunguka kwenye meza za watu, lugha yao ilinitoa jasho, na hakuna aliyejali kwamba nina haraka. Nilipopata mshahara wa kwanza nilidhani mhasibu amekosea, maana kodi ilikuwa imebeba karibu nusu. Nikaenda mbio kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mama mmoja mtulivu asiyeachana na kikombe chake cha kahawa. Akanitazama tumbo, akauliza wa pili anazaliwa lini. Nikamwambia. Akasema basi nisubiri, halafu nije tena tuongee habari ya kodi.

Nikajifungua, nikakaa nyumbani na mtoto karibu mwaka mzima, na kazi yangu ikanisubiri. Nilikuwa naangalia sanduku la barua kila siku nikingoja bili. Haikuja. Aliyekuja ni muuguzi, akampima mtoto pale pale sebuleni, akanywa chai yetu, akaenda zake. Mchana ule, mtoto amelala kifuani, nilikukumbuka ukiita majina na kuiruka nyumba yenye mama aliyejifungua. Nikaona aibu. Watu nisiowajua hata kwa sura walikuwa wamenichimbia.

Nilikupigia simu jioni ile ile. Badala ya kuomba radhi nikaanza kukuhutubia habari za kodi, likizo za uzazi na mashule. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukauliza jambo moja tu. "Na hao wasiotaka kuja kuchimba, wanafanywaje?"

Nikakwambia wanakatwa kwenye mshahara kabla hawajauona.

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Hao wametuzidi," ulisema.

Tukaagana tukicheka, na neno la samahani nikaliweka. Nilijiambia nitakupa mwenyewe mkononi nikija. Nimekuja, mjomba, na nimekukuta kwenye jeneza. Hilo linaniuma kuliko yote.

Wiki moja baada ya kukuzika, nikiwa bado kwako Matombo, rimu ililia. Siku hizi anaigonga Tekla, binti wa yule yule Mama Tekla. Nikachukua jembe lako nyuma ya mlango, nikatoka. Nakiri nilitaka watu wanione. Tekla akaanza kuita majina, bila daftari kama wewe, akaliruka letu. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Dada, umekaa sana ugenini," akaniambia kwa upole. "Nyumba yenu ina msiba. Rudi ukapumzike."

"Lakini nimekuja kuchimba."

"Arobaini ikipita utachimba mpaka ukome."

Watu wakacheka kidogo, mmoja akanipokea jembe akapanda nalo mlimani. Nikarudi mikono mitupu, nikakaa kwenye jiwe karibu na ile koki yako ya njiani. Mchana ikakohoa, ikatema tope, kisha yakatoka maji meupe. Nilinawa uso, nikalia, nikakinga ndoo yangu kama wengine.

Samahani, mjomba. Na asante kwa koki, kwa mabomba uliyoyatumia vizuri kuliko nilivyokusudia, na kwa kila Jumamosi uliyonitoa kitandani. Msusi nitamjibu nikirudi kumalizia nywele, nitamsimulia habari zako.

Arobaini yako inaisha Ijumaa. Jumamosi, rimu ikilia, lala tu. Nyumba yetu itatoa mtu.

Mpwa wako