Mama mkwe na taa za simu yangu

Jumanne, usiku

Nimebandua ile selotepu yote. Nimechelewa, lakini nimeibandua.

Niliibandika mwenyewe juu ya swichi za ukutani, kwa sababu mtu akizima pale balbu hazisikii tena simu yangu. Balbu ni za Kigali, kihisi cha sebuleni nilikinunua Goma, kampuni mbili tofauti, na hazielewani. Kihisi kinaona mtu, balbu hazipati habari. Bon, nikapanga njia ya mkato: simu yangu ikitoka nyumbani, taa zote zizimike.

Kwa hiyo nyumba hii inamjua mtu mmoja tu. Mimi.

Leo jioni nimevuka mpaka pale Grande Barrière kumwona dada. Mama mkwe, aliyefika jana kutoka Kanama, alibaki peke yake. Niliporudi nilimkuta kizingitini, anachambua maharage kwa mwanga wa taa ya jirani. Angezima na kuwasha swichi mara moja tu, taa zingewaka hata bila simu yangu. Lakini aliona selotepu, akadhani ni marufuku kugusa.

Alisimama haraka, kama mwenye kosa. "Unisamehe, mutoto yangu, niliharibu mataa yenu. Sikugusa kitu, ilizimika tu."

Ningesema ukweli pale pale. Lakini mume wangu alikuwa anaingia getini nyuma yangu, na yeye tangu mwanzo anaziita taa hizi ujinga.

Nikamjibu, "Si kitu, mama. Nitatengeneza."

Akanishukuru. Mbele ya mwanawe.