Nusu ya Pili ya Kibuyu

Kibomet, Kitale
Jumapili, 16 Septemba 1951

Dada yangu Rispah,

Nakusalimu wewe na Shemeji Wanjala na kila anayelala chini ya paa lenu pale Kabuchai, hata yule jogoo wenu mgomvi. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Ulipaka yale mafuta niliyokutumia, au umeyaficha kama kawaida yako mpaka yaote ukungu? Sisi huku ni wazima. Jairus anakohoa kidogo kwa ajili ya vumbi la stoo ya mahindi ya mzungu wake, lakini anakula, na mimi simwiti mgonjwa mume anayemaliza ugali wake. Mvua ingali inatunyeshea kila alasiri.

Jana Yakub alisimamisha lori lake hapa akitoka dukani kwake Myanga, akanipa habari zenu zote. Unamjua Yakub, hajui kufupisha. Aliniambia jinsi ulivyompokea Mulongo wiki mbili zilizopita, ukampakata mtoto wa miaka mitano kama kichanga, ukapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Nilicheka, Dada, nikalia pia. Halafu akaniambia na mengine, kicheko kikanikauka. Ati mtoto sasa anakula nusu tu ya chakula, nusu nyingine anaisukuma kuelekea mlangoni, na anauliza kibakuli kile kingine kiko wapi. Ati mlimpima kwenye mizani ya duka, akawa amepungua ratili tatu. Nawe ukamtuma aniulize nilikuwa nampikia nini huku, na wewe unakosea wapi.

Hukosei popote. Nitakuambia nilichompikia, lakini nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kukasirika. Ukifika mwisho, kasirika utakavyo.

Unakumbuka Mulongo alivyokuwa mwezi wa Januari. Surua ilikuwa imemchukua Mukhwana, pacha mwenzake, mwezi wa Novemba, na huyu ikamwachia mifupa. Wewe mwenyewe ulikuwa hujiwezi kwa huzuni, unaketi umeegemea ukuta huku moto wa jikoni unazimika mbele ya macho yako. Wazee wakaamua nimchukue mimi, kwa kuwa najua kupika na sina mtoto wa kunishughulisha. Hayo yalisemwa mbele yangu, ati mtoto wa kunishughulisha, nami nikafunga mzigo.

Jumamosi ya kwanza Jairus alimpeleka stoo, akafunga gunia kwenye ndoano ya mizani ile wanayopimia mahindi, akamtia ndani. Ratili ishirini na nne. Jairus alisema hata mbwa wa mzungu wake ni mzito kuliko huyo, kisha akaona haya akatazama pembeni.

Basi nikafunga leso kiunoni. Asubuhi uji wa wimbi uliochachuka vizuri, na maziwa ya jirani yetu Jepchirchir, na kijiko cha siagi juu yake. Saa nne kiazi kitamu au ndizi ya kuchoma. Mchana ugali laini na kunde za karanga, au mrenda na maharagwe. Jioni yai, na Jumapili kuku, mapaja yote mawili nikimpa yeye, Jairus akila shingo bila kunung'unika. Mtoto alikula kila kitu, Dada. Kibakuli kilirudi kwangu kimelambwa. Jumamosi ya pili, ishirini na nne. Ya tatu, ishirini na nne. Ya nne, ishirini na tatu.

Nilimpeleka kwa dresa wa zahanati, akampa dawa ya minyoo, hakutoka mnyoo hata mmoja. Akaniambia nijaribu kumpa mtoto chakula. Mimi! Nusura nimrushie kikapu.

Ndipo nikaamua kukaa nimwangalie akila. Ilikuwa mchana wa jua kali, mlango wazi, kuku wakichokora uani. Nilimwandalia, nikaketi mbele yake nikijifanya nachambua maharagwe. Alikuwa akimega ugali upande wake, polepole, kama mtoto aliyefundishwa adabu. Na upande wa pili ugali ulikuwa ukipungua pia. Nilidhani ni macho yangu. Nikainama. Kulikuwa na alama za vidole, vidogo, mbichi, na kunde zilikuwa zikichotwa zikitoweka. Mkono mmoja wa Mulongo ulikuwa mdomoni na mwingine ulikuwa juu ya goti lake.

Nilimuuliza ni nani anakula naye. Alinijibu bila kuacha kutafuna kwamba ni Mukhwana, kwamba hana kibakuli chake ndiyo maana wanakula pamoja, na kwamba mwenzake humaliza haraka kwa sababu ndiye mkubwa. Alisema hivyo kama mtu anayekuambia nje kunanyesha.

Sasa nikuambie la kwanza nililokuficha. Siku ile nilipomchukua mtoto, Kukhu, mama mkwe wako, alinivuta nyuma ya ghala akanipa vibakuli viwili vimefungwa kwa jani la mgomba. Vilikuwa nusu mbili za kibuyu kimoja alichokikata siku walipozaliwa. Alisema mapacha hula sawa, na aliyetangulia bado hajaagwa, kwa hiyo nikimpakulia mmoja nimpakulie na mwingine. Akasema siku Mulongo atakapojaa mwili nikuite wewe, uje ukifunike kifudifudi kile kibakuli cha pili kwa mkono wako na umwambie mwanao akapumzike. Aliyemzaa ndiye wa kumuaga, alisema, mwingine hawezi. Wewe hakukuambia kwa sababu siku zile ukisikia tu jina la Mukhwana ulikuwa unaanguka.

Nami, Dada, mtu niliyeokoka, mwimbaji wa kwaya, nilimwitikia ndiyo Kukhu, ndiyo Kukhu, na moyoni nikamcheka. Nilipofika Kibomet kibakuli cha Mulongo nikakiweka mezani, na kile kingine nikakifanya cha kutilia chumvi. Mwezi mzima watoto wawili walikuwa wakigombea chakula cha mmoja. Na yule mwanao aliyekufa, kila alipokitafuta kibakuli chake, alikikuta kimejaa chumvi.

Mchana ule ule niliimwaga chumvi uani, nikakiosha kibakuli, nikapakua. Sikumwambia Jairus kitu. Nilikitia ugali sawasawa na cha mwenzake, kunde sawasawa, nikakiweka kando ya Mulongo nikatoka nje. Niliporudi vyote viwili vilikuwa vitupu, na mtoto amelala ubavu, tumbo limejaa, anatabasamu usingizini.

Jumamosi iliyofuata, ratili ishirini na sita. Halafu ishirini na saba. Ningeweza kukuimbia Jumamosi zote mpaka mwisho wa Juni, alipofika thelathini na nane, mashavu yamejaa, anakimbiza kuku wa watu, ananijibu maneno kama wewe ulivyokuwa ukimjibu mama. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile. Nilikuwa nakwenda sokoni nikiimba, nanunua ndizi mara mbili.

Mwezi huo Yakub alipita kuniuzia chumvi, akatoa sukari guru mfukoni, vipande viwili. Nikamuuliza kwa nini viwili. Akacheka akasema kwani yeye ni kipofu, kimoja cha huyu aliyeko mafigani na kingine cha yule anayejificha nyuma ya mlango. Kisha akatazama tena nyuma ya mlango. Aliviweka vipande vyote viwili chini, polepole, akaondoka. Chai yake niliyokuwa nimemmiminia ilipoa pale pale, na wewe unajua Yakub hajawahi kuacha chai.

Julai ikaja ile ya mizani. Jairus alimtoa Mulongo kwenye gunia, na mshale haukurudi kwenye sufuri. Ulisimama kwenye kumi. Aliipiga mizani kwa kiganja, mshale ukatikisika, ukarudi kumi. Akaning'iniza gunia la mahindi alilokwisha kulipima asubuhi, likatoka sawa kabisa. Akarudisha lile gunia tupu. Kumi. Aliniambia ni springi imelegea, lakini tangu siku hiyo hapimi bila kuimba wimbo wa dini kwa sauti kubwa.

Sasa la pili, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mtoto alikuwa amejaa mwili tangu Juni. Ningekuita Juni. Kukhu alikuwa amekwisha kufa kwenye mvua za Aprili, kwa hiyo chini ya jua hili hakuna aliyejua maneno yale ila mimi, nami niliyakalia. Miaka kumi na moja nimekaa kwa Jairus, Dada. Miaka kumi na moja napika chungu cha watu wawili. Wanawake wa kanisa wanaponiombea hunishika tumbo kama wanapapasa embe kama limeiva. Na sasa nilikuwa na mtoto ambaye hakuna mtu angekuja kumdai, anayekula chakula changu mpaka nasikia ukucha ukikwaruza kibuyu. Nilimpikia boga kwa maziwa, kwa sababu ndilo alilomaliza haraka zaidi. Nikaanza kumwongezea, chake kikawa kikubwa kuliko cha Mulongo, mimi niliyeambiwa sawa kwa sawa. Nikipakua nilikuwa naongea naye. Nilimwambia akae. Nilimwambia kwetu hapa kuna chakula, na kule Kabuchai mama yake ameshamlilia ameshamaliza.

Nilimwambia hivyo. Mungu anisamehe, nilimwambia umemaliza.

Ulipoagiza mwezi wa Agosti kwamba Mulongo arudi nyumbani, nilimfungia nguo zake. Nilimpandisha kwenye lori la Yakub na kibakuli chake kimoja. Aliuliza cha pili kiko wapi, nikamwambia kimevunjika. Kilikuwa chini ya leso yangu, nimekibana kwa kiwiko. Lori lilipoondoka Mulongo alikuwa ametoa kichwa nje, hanitazami mimi, anatazama pembeni yangu, chini kidogo, mahali ambapo kichwa cha mtoto wa miaka mitano kingefika.

Nimekuibia mtoto, Rispah. Nimekuibia yule ambaye hukujua kwamba bado unaye.

Ningeendelea kunyamaza, nakuambia ukweli. Lakini jana asubuhi, kabla Yakub hajafika, nilimbembeleza Jairus aning'inize gunia tupu. Hakuuliza kwa nini, na hapo nikajua kwamba anajua. Siku Mulongo alipoondoka lilikuwa bado ratili kumi. Jana lilikuwa kumi na tatu. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nimefurahi kama mjinga, nikakata boga kubwa. Alasiri Yakub akaja akaniambia Mulongo amepungua ratili tatu, nami nikakaa chini pale pale kwenye matope kando ya gurudumu la lori.

Tatu zimetoka kwako, tatu zimeingia kwangu. Ninachomlisha huku sasa si boga langu.

Jioni nilijaribu kukifunika kibakuli kifudifudi mwenyewe. Nilisema maneno yote niliyoyakumbuka, nikaongeza na sala. Nikageuka kuchukua ukuni, nilipotazama tena kilikuwa kimekaa wima, kinangoja kupakuliwa. Kukhu alisema mwingine hawezi, na kweli siwezi. Leo sikupakua kabisa. Tangu adhuhuri kuna mkwaruzo mdogo ndani ya kibuyu, mtu anakwangua mahali pasipo na kitu, na nimeshindwa kukaa jikoni. Nakuandikia nikiwa uani, karatasi iko juu ya kinu.

Barua hii ataileta Yakub kesho. Akirudi Alhamisi panda naye, uje na Mulongo, na usisahau kibakuli chake. Usimlazimishe kula njiani, mpe maziwa tu. Nitapika boga kwa maziwa, na ugali laini, na kunde za karanga, nitapakua mara mbili sawa kwa sawa, na safari hii sitampendelea mtu. Wakimaliza wote wawili utafanya alivyosema Kukhu. Mimi nitakuwa nje. Ukitoka, nitukane, nipige, waambie watu wa kanisa, sitajitetea. Lakini njoo Alhamisi hii, usingoje ile nyingine, kwa sababu mtoto mwenye ratili thelathini na tano hana nyingi za kupoteza.

Nisalimie Shemeji, na umwambie nitamwomba msamaha kwa mdomo wangu, si kwa karatasi. Mbusu Mulongo kwenye mashavu yale niliyoyajaza. Jairus anakusalimu, anasema mtalala kwenye kitanda chetu.

Nilipomaliza kuandika niliisoma barua hii kwa sauti, nikianza na jina lako, kama tulivyofundishwa shuleni. Mkwaruzo ukanyamaza. Nimeingia jikoni kutazama, na kibakuli hakiko tena mafigani nilipokiacha. Kiko kizingitini, upande wa njia inayotoka Kabuchai. Miezi yote hii nimempikia, sijawahi kumwona akisogea hata hatua moja kuja kwangu.

Ni mimi mdogo wako,
Nekoye