Besi ya Kumaliza Kilio

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 2 juni

Baridi. Ku biro yangu ya secrétaire wa shule nimepiga muhuri ku bulletin zote, karatasi za pointi za kelasi ya sita, hakuna kosa hata moja. Nimekula bukari ya jana.

Miezi kumi na moja tangu Ndaya, muke wangu, alikufaka. Bantu banauliza kama ninalala muzuri. Ninalala muzuri. Njo hiyo inanitisha. Siku ya maziko sikulia, mpaka leo sijalia. Mama Kalenga, dada mukubwa wa Ndaya, aliona macho yangu makavu pale ku kaburi. Hajasahau.

Siku ya tatu, tarehe 4 juni

Mama Kalenga amepiga simu kutoka Mulongo. Familia watakuja tarehe 21 kumaliza kilio: kuninyoa, kunivalisha nguo mupya, kuniachilia. Iko mikononi mwao, haiko mikononi mwangu.

Nikamuomba kintu kimoja. Ndaya aliimbaka sauti ya pili mu koro ya kanisa, minyi nikimufuata na gitaa ya besi, miaka makumi mbili, mpaka radi ikaunguza besi na ampli pamoja. Nikamwambia ninataka kupiga wimbo wake siku ile.

Akasema: “Semeki, weye uliyeoa mudogo wangu, hukutoa chozi hata moja, na sasa unataka muziki?”

Nikamuomba tena. Kiisha akasema: “Haya, piga. Lakini ukituletea haya mbele ya bantu, tutarudia Mulongo na weye utabaki mu kilio mwaka ingine.”

Nilipaswa kukasirika. Sikusikia hasira.

Siku ya posho, tarehe 7 juni

Nimekanyaga pedali za kinga yangu mpaka ku base ya jeshi, vumbi mpaka mu meno. Mama Mado, mujane wa soldat, muntu wa provensi ya Équateur, anauzisha besi ya bwana yake. Bwana alitumwa upande wa mashariki, hakurudia.

Besi ni ya zamani kabisa, ya wakati baba zetu walikuwa wanapiga muziki na karavati shingoni. Lakini yule soldat aliigeuza yote. Rangi ya kijani, ile ya malori yao. Mikro moja, ile yenye kushika sauti ya kamba, ni ya gitaa ingine, imekazwa na parafujo, bisi za mulango. Kifungo cha sauti ni cha redio. Na barete, vile vyuma vyembamba vya shingo vyenye kuonyesha kidole mahali pa noti, alizing'oa zote. Mifuo zilimokaa imejazwa gundi na unga wa mbao. Shingo laini kama mwiko.

Mama Mado akasema: “Papa, ondosha rangi ukitaka. Shingo usiguse. Alitafuta sauti ile mwaka muzima.”

Nikasema ndiyo, mama. Nilikuwa nadanganya. Besi bila barete ni kintu gani? Tukaelewana bei, nikaifunga nyuma ya kinga.

Siku ya ine, tarehe 12 juni

Nakwangua rangi kila nikitoka ku kazi. Chini ya kijani kuna nyekundu, chini ya nyekundu mbao. Waya zilizokatika nimezilehemu. Mikro inaongea. Furaha hakuna, lakini kazi ya mikono haikuulize kitu.

Leo barete. Kasongo, jirani yangu mwenye kulehemu milango, aliniambia nitafute chuma kigumu, nikiweza nitume bantu Lubumbashi. Lubumbashi ya nini? Nani anakosa shaba huku kwetu, inchi ya shaba? Moteri iliyoungua inalala nyuma ya nyumba yake, ndani waya nene, nyekundu, muzuri. Nikafungua mifuo yote na msumeno, nikapiga barete makumi mbili na nyundo.

“Shaba ni laini, Secrétaire,” Kasongo akaniambia.

“Shaba ni shaba,” nikamujibu. Kichwa ngumu.

Siku ya pili, tarehe 17 juni

Mazoezi na koro. Siku tano tu na kamba zimekwisha kuila ile shaba. Chini ya kila kamba kuna shimo. Noti tatu zinafanya zzzz, ingine haitoke kabisa. Koro wote wakaangalia chini. Mukubwa wa koro akanikaribia pole pole: “Bwana Secrétaire, labda tupige ngoma tu.”

Haya imenishika mpaka masikio yakawa moto. Mujinga minyi. Nilionywa mara mbili.

Zimebaki siku ine.

Siku ya ine, tarehe 19 juni

Jana nilizing'oa barete zote na koleo. Gundi, unga wa mbao, karatasi ya kukwangulia. Sawasawa na kazi ya yule soldat, lakini yake ilikuwa safi kuliko yangu.

Leo nimerudia base kuungama. Mama Mado alicheka mpaka akashika mulango. “Banaume! Mama yangu!” Kiisha akakaa ku kiti, akaniambia bwana yake alikuwa anapiga na macho yamefungwa. “Usiangalie shingo, papa. Sikiliza.” Nikapiga mbele yake. Noti ikakaa chini kidogo. Tena. Akatikisa kichwa. Tena. Mara ya kumi hivi akaacha kutikisa kichwa, akafuta macho na kitenge. Yangu makavu.

Siku ya tano, tarehe 20 juni

Familia wamefika na lori, bantu tisa na vikapu vya samaki makavu. Mama Kalenga amelala mu chumba chetu. Alinusa gundi, akaangalia besi, akafunga mulango.

Naogopa. Nimeandika vile kwa sababu ni kweli.

Siku ya posho, tarehe 21 juni

Uwanja ulijaa. Nikafunga macho. Noti ya kwanza ilikuwa chini, nikasikia bantu wananong'ona, nikaipandisha mpaka ikakaa. Beti ya kwanza, ya pili. Ku beti ya tatu pale Ndaya alikuwaka anaingia, hakuna aliyeingia. Koro walikuwa wameacha nafasi yake wazi, bila kuniambia. Kidole changu kikateleza kikaenda kule juu, kikaimba sauti yake yote, mpaka mwisho. Barete zingekizuia.

Mama Kalenga akapiga kelele, “Yoo, mutoto wa mama!” akaanguka chini. Wanamuke wakamushika.

Kiisha Mama Kalenga aliomba wembe. Aninyoe yeye mwenyewe, hakuna mwingine. Alinikata kidogo chini ya sikio. Akanivalisha shati mupeupe. “Basi, semeki. Tumekuachilia. Weye si muntu wetu wa kilio tena. Ukipata muke, oa.”

Nikasema asante. Tukala samaki.

Siku ya Mungu, tarehe 22 juni

Lori limeondoka mapema. Jirani amepita, ameniuliza bulletin zitatolewa lini. Mwaka muzima hakuna aliyeniuliza kitu kama hicho bila kuuliza kwanza habari ya moyo wangu.

Niliingoja sana siku hii. Sasa iko. Mu kilio nilikuwa bado bwana wa Ndaya, kila muntu alijua vile akiniona tu. Jana wamenitoa. Leo njo Ndaya amekufa.

Nililia. Nilikaa ku kitanda upande wake nikalia mpaka ibada ikapita, kengele ya pili pia. Kiisha nikanawa uso, nikaenda kuchota maji.