Saa Yako ya Rangi Moja, Guka

Guka, babu yangu mpendwa,

Huko uliko sijui kama watu wanajali saa, lakini niko na habari ya kukufanya ugeuke kaburini, tena ugeuke ukicheka. Ile saa yako uliyoidharau maisha yako yote, ile ya vitufe viwili pembeni vya kupimia mbio, imekuwa mali. Hiyo hiyo ya uso mweusi mtupu, rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo.

Unakumbuka ulivyoumia kwa sababu ya Mzee Hassan? Mlinunua saa pacha mkiuza ng'ombe pamoja Nanyuki. Halafu mwenzako akapeleka yake kwa fundi, akautoa ule uso mweusi, akawekewa mweupe wenye vijisaa vitatu vyeusi, kama macho. Usingizi wako ukaishia hapo.

Hata wewe ulijaribu. Si tulienda pamoja kwa yule fundi wa Kerugoya? Akaongea na sisi bila kuinua kichwa, hata "habari" hakuna. Ukachukua saa yako mezani, ukasema kwa sauti ya soko, "Mtu hajui kusalimia, atajua saa?" Tukarudi Nyeri na uso wetu mweusi, wewe umenuna njia yote, mimi nikila ndizi.

Tangu siku hiyo ukahamia kwa Hassan. Kila mkikutana ni wimbo mmoja.

"Hassan, tubadilishane."

"Mwangi, kwani nimerogwa?"

Sasa sikiza. Mimi shule niliiachia njiani, unajua, lakini kwa mambo ya saa hapa Gatitu mimi ndiye profesa. Nikimaliza kutengeneza simu za watu, naingia mtandaoni kwa wapenzi wa saa za zamani. Wazee wazima wanalia huko, Guka! Wanatafuta ile ya kawaida. Kiwandani zilitoka nyingi kama yako, lakini karibu kila mtu alifanya kama Hassan: akaweka macho matatu, uso wa kawaida ukaenda takataka. Leo macho matatu yamejaa kila mahali, na ile iliyokuwa ya kila mtu haionekani. Yako imebaki kwa sababu ya kiburi chako. Asante kwa kiburi. Nami nimekirithi chote pamoja na saa yenyewe, hakikumwagika hata tone.

Wiki jana Mzee Hassan akafika nyumbani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Shikamoo gani? Wewe si Mwangi? Toka lini Mwangi akaniamkia?"

Unajua ni kweli. Nilipewa jina lako, na Cucu, mke wako, ananiita "mume wangu" hata mbele ya wasichana ninaowatongoza. Hassan akaketi, akavua saa yake, akaiweka mezani.

"Mwangi, umeniomba miaka mingi. Leo nimekubali. Tubadilishane."

Guka, jasho lilinitoka. Nikisema hapana, ni wewe umekataa kitu ulichokililia mpaka ukafa. Nikisema ndiyo, ni mimi nimetupa kitu ambacho hakipatikani tena. Mdomo ni mmoja, sisi wawili. Nikaona heri nimwambie ukweli.

"Mzee, hii yangu ya kawaida ndiyo adimu siku hizi. Yako imejaa."

"Najua," akasema, bila aibu. "Kwani ulifikiri nimetoka Nanyuki kwa sababu ya mapenzi?"

Cucu alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Hata Hassan akacheka, halafu akaishika saa yako kwa mikono miwili.

"Yangu ilikuwa hivi," akasema. "Fundi aliniuliza kama nataka uso wa zamani nibaki nao. Nikamwambia atupe."

Hapo nikamhurumia kidogo, kidogo tu, usinifikirie vibaya. Nikamwambia, "Mzee, kubadilishana kabisa hapana. Mwangi amekataa. Lakini vaa hiyo tukinywa chai, na mimi nivae yako."

Akavaa haraka kama mtoto siku ya Krismasi. Akabonyeza kitufe, akaanza kupima Cucu anachukua muda gani kumimina chai, akitupigia kelele kama mtangazaji wa mpira.

Nami nikavaa yake. Cucu akaniangalia juu mpaka chini.

"Mume wangu, umekuwa kama mtu wa kuuza simu za wizi."

Ndiyo hivyo, Guka. Baada ya miaka yote ile ya kuomba na kununa, hatimaye macho matatu yalikaa kwa mkono wa Mwangi. Niliunyosha mkono wetu, nikaugeuza dirishani, nikauangalia vizuri kwa niaba yako.

Haitupendezi hata kidogo.

Pumzika sasa, uache wivu,

Mjukuu wako, mume wa mke wako