Aliyegonga Lango la Daraja

Bweni la Kaskazini,
Shule ya Koti la Buluu, Marbeck.
24 Oktoba, 1976.

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta jikoni karibu na moto, buti umeshazivua, na kile kikohozi cha vumbi la machimboni kimekupa nafuu. Mama aliniandikia kwamba kilikusumbua wiki nzima. Tafadhali unywe ile dawa, hata kama ina ladha ya lami kama unavyosema. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kidole nilichoumia kwenye mpira wa magongo kimepona. Mwambie mdogo wangu Clem nimemwekea stempu tatu za kigeni, asizidai kila siku.

Baba, najua hupendi habari za hili koti la buluu tunalopewa bure na shule. Siku nilipofaulu mtihani wa kuingia hapa ulisema mbele ya wajomba kwamba hakuna Tordoff aliyewahi kuvaa nguo za sadaka, na kwamba watu watakuona umeshindwa kumvisha mwanao. Sikukujibu siku ile, wala leo sijibu. Nataka tu kukusimulia yaliyotokea jana, Siku ya Mwasisi wa shule, kwa sababu ukiyasikia baani yatakuwa yameshatiwa chumvi.

Wewe mwenyewe unajua jinsi Marbeck wanavyoliheshimu koti hili. Nikiwa nimelivaa, pamoja na zile soksi za njano ambazo Clem huzicheka, navuka mto kwa kivuko bila tiketi, na kasri naingia kwa mlango mkubwa huku wageni wamepanga foleni kwenye ule mdogo. Lakini haki iliyo kubwa kuliko zote ni ya lango la daraja. Siku ya Mwasisi mwanafunzi mmoja hugonga mara tatu kwa fimbo ya shule, bawabu huuliza ni nani, hujibiwa, kisha hufungua. Hakuna anayeruhusiwa kupita kabla ya koti, hata meya na mkufu wake wa dhahabu.

Mwaka huu darasa la mwisho lilipiga kura, nami nikashinda. Tangu wasichana tuanze kupokelewa hapa, hakuna aliyewahi kuishika fimbo ile. Wiki nzima Lionel Pickersgill, yule mtoto wa daktari wa mifugo, alikuwa akiniuliza kwenye foleni ya chakula kama nitagonga lango au nitalikuna kama paka. Nilimwambia aangalie supu yake isimwagike.

Basi jana mvua ikanyesha tangu asubuhi. Tuliandamana mpaka darajani na bendi mbele, meya nyuma yetu na manyoya ya kofia yake yamelowa chapachapa. Nikagonga. Bawabu, Bwana Septimus Garth, akauliza kwa ndani ni nani. Nikajibu kama inavyotakiwa: “Mtoto wa koti.”

Kidirisha cha lango kikafunguka, na jicho moja likanitazama.

“Binti, mpe mvulana hiyo fimbo tumalize. Watu wanalowa.”

“Nimepewa mimi, Bwana Garth.”

“Baba yangu alikuwa bawabu hapa, na babu yangu kabla yake. Hakuna aliyemfungulia msichana.”

“Ni kwa sababu hakuna msichana aliyewahi kugonga.”

Watu wakacheka, naye akakifunga kidirisha kwa kishindo. Nafikiri ni kicheko kile kilichomkera, si mimi.

Mwalimu mkuu akaja akaniinamia. Alisema kwa upole kwamba angelifikisha jambo hilo kwenye baraza la mji wiki ijayo, ila kwa leo tu, je, singekubali Lionel aishike fimbo? Ule upole wake ndio ulionivunja nguvu. Angenifokea ingekuwa rahisi zaidi. Nikaishika fimbo kwa mikono miwili. Nikamwambia anisamehe, kwa sababu nikiiachia leo, msichana atakayekuja baada yangu ataambiwa kwamba hata yule wa kwanza aliiachia.

Lionel alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Akaketi. Pale pale barabarani, kwenye matope, na soksi zake safi.

“Simama, Pickersgill!” mwalimu mkuu akamwambia.

“Miguu inaniuma, mwalimu. Nitasimama lango likifunguka.”

Akaketi aliye nyuma yake, kisha safu nzima, kisha shule yote, wavulana kwa wasichana, mpaka barabara ikawa ya buluu tangu langoni hadi kanisani. Meya asingeweza kupita kabla yetu, na sisi tulikuwa tumekaa. Bendi ikanyamaza. Mama mmoja wa duka la samaki akapaza sauti: “Septimus, fungua bwana, chipsi zangu zinapoa!” Mwingine akamuuliza kama mkewe naye akigonga huwa hamfungulii.

Kidirisha kikafunguka tena. Bwana Garth akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

“Wa Enoch Tordoff, mchonga mawe wa Coldale,” nikamwambia. Nililitaja kwa sauti, nikimtazama usoni, kama ulivyotufundisha kutaja jina letu.

“Gonga tena basi,” akasema. “Safari hii ugonge kama mtu anayetaka kuingia.”

Niligonga hadi viganja vikaniuma. Akauliza, nikajibu, na mbao zile nzito zikafunguka. Meya alivua kofia nilipokuwa napita, kama desturi inavyomtaka, na maji yote ya mvua yaliyojaa kwenye ukingo wake yakamwagikia viatu vyake.

Sasa Baba, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nilipofika katikati ya daraja niligeuka kutazama wenzangu wakiinuka, nikakuona. Ulikuwa nje ya duka la mikate, umevaa koti lako la mazishi, kofia mkononi, mvua inakunyeshea kichwani. Wewe, ambaye humvulii kofia hata mwenye machimbo! Nilitaka kukuita, lakini mshika fimbo haruhusiwi kusema neno mpaka afike ng’ambo. Niliporudi mbio, ulikuwa umeshaondoka.

Leo asubuhi nilimpigia Mama simu pale kwa jirani yetu, Bibi Hebden, akaniambia kwamba jana ulikwenda Skelby kutazama mbwa wa kununua. Sitauliza habari za mbwa huyo.

Ila nakuarifu kwamba Krismasi nitarudi nyumbani nikiwa nimelivaa koti. Treni inafika saa tisa alasiri. Nitapita Mtaa wa Kanisa, mbele ya baa, wachimbaji wote waone. Ukija kituoni tutatembea pamoja. Usipokuja, nitapita hivyo hivyo, kichwa juu, kwa sababu hivyo ndivyo unavyotembea wewe.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, na umwambie soksi alizonifumia zinanitosha vizuri. Msalimie Clem na Bibi Hebden. Jifunike kifua uendapo kazini, na usiku mwema kwenu nyote.

Mwanao akupendaye,
Rosamund Tordoff